Muulize Tabibu: Maswali yenu ya kile kipimo cha kupuliza

Mwezi huu maswali ya kifua yamekuja mengi, sijui ni baridi sijui ni vumbi, na mengi yanazunguka kitu kimoja, ile mashine ya kupuliza. Nimeyachambua nikabakiza haya. Kwa wasionijua, mi ni tabibu, sio bingwa wa mapafu, ila spirometa ndo mashine ninayoshinda nayo, kwahiyo ya kupuliza niulizeni, ya upasuaji nendeni kwa wenyewe.

SWALI: Shikamoo dokta. Mama yangu ana miaka 58, amepika mama ntilie kwa kuni na mkaa toka mi sijaanza shule. Huu mwaka wa pili anakohoa kila asubuhi na makohozi juu, akipanda kamlima kadogo anasimama anashika kiuno. TB wamepima hana, eksirei wamesema iko safi, dawa za kikohozi amekunywa mpaka amezichukia. Juzi wamemwandikia spirometri. Anaogopa, anadhani ni ule mpira wa kuingizwa kooni. Hicho kipimo kinafanyaje, na kuna haja gani kama eksirei ilishasema safi? – Binti wa Mama Ntilie, Tanga

JIBU: Marahaba binti. Kwanza mwambie mama atulie, hamna mpira wala sindano. Kuna kibomba cha kubana kwa midomo, kibanio cha pua, na mtu kama mimi pembeni anayepiga kelele. Basi.

Sasa ya eksirei. Eksirei ni picha ya mtu aliyevuta pumzi akaganda, inaonyesha kama kuna doa, maji, kovu, moyo umetanuka na vitu kama hivyo. Haikwambii hewa inatoka kwa spidi gani. Njia za hewa zinaweza kuwa zimebana kabisa na picha ikatoka safi, na hapo ndo watu wengi wanazungushwa miaka, leo antibayotiki, kesho dawa ya kikohozi, mara waambiwe ni vidonda vya tumbo, kumbe hakuna aliyewahi kupima pumzi yenyewe.

Spirometa inapima vitu viwili vikubwa na mtaviona kwenye karatasi. Kuna FVC, ni hewa yote aliyotoa kuanzia mapafu yamejaa pomoni mpaka amekauka. Na kuna FEV1, ni ile iliyotoka kwenye sekunde ya kwanza peke yake. Mtu ambaye njia zake ziko wazi, kwenye hiyo sekunde moja robo tatu ya hewa inakuwa ishatoka, vijana hata zaidi. Zikibana, hewa ipo ila inatoka kwa kujikokota, kama watu wanaotoka uwanja wa Mkapa siku ya Simba na Yanga halafu mageti yote yamefungwa limebaki moja. Kwahiyo tunagawanya FEV1 kwa FVC, na hiyo namba ndo inasema njia zimebana au la.

Inashangaza kidogo kwamba hiyo habari ya sekunde moja ilichelewa sana. Spirometa aliitangaza daktari wa London, John Hutchinson, mwaka 1846, akapimisha watu zaidi ya 2,000, mapolisi, wanamasumbwi, mabaharia, akaona hewa ya mtu inaendana na urefu wake. Ila yeye alikuwa anapima kiasi tu. Kupima mtu anatoa kiasi gani ndani ya muda fulani, ikaja kushika baada ya Mfaransa Robert Tiffeneau kuiandika 1947. Miaka mia moja mashine ipo na swali la spidi halijaulizwa!

Siku yenyewe mama atakaa kwenye kiti, mgongo wima, miguu yote chini. Tunamkalisha kwa sababu wengine kizunguzungu kinawapitia wakipuliza. Atavuta hewa mpaka isiingie tena, hapo hapo abane kibomba, apasue kwa nguvu zote, halafu asiache, aendelee kusukuma hata akihisi imeisha, na mimi huku nasema toa toa toa bado bado bado mpaka mstari kwenye skrini ulale. Wengi wanapuliza kama wanazima mshumaa wa keki wakaacha, hiyo haifai. Wengine wanaanza polepole, wengine wanakohoa katikati ya sekunde ya kwanza, wengine ulimi unaziba kibomba. Ndo maana tunarudia, tunataka mara 3 nzuri na mbili bora zisipishane zaidi ya mililita 150, na kwa kawaida mtu mzima hatumpulizishi zaidi ya mara 8, tukifika hapo tunampumzisha arudi siku nyingine. Asione aibu akirudishwa, na asidhani anasumbuliwa.

Halafu anapewa dawa ya kutanua njia, salbutamol, hii ya inhela ya bluu, mara nyingi mipulizo minne kupitia spesa, kale kachupa ka plastiki kanakochomekwa kwenye inhela. Anasubiri kama robo saa, anapuliza tena zile zile. Hapa ndo penye utamu wa kipimo. Kama ile hesabu ya FEV1 kugawa FVC baada ya dawa bado iko chini ya 0.70, na ana kikohozi na pumzi fupi na miaka yote hiyo ya moshi, hapo daktari atafikiria ule ugonjwa sugu wa njia za hewa kuziba, hospitali wanauita COPD. Watu wanajua ni wa wavuta sigara, lakini huku kwetu mama aliyekaa mbele ya mafiga maisha yake yote naye yumo, hata kama sigara hajawahi kuishika. Kama njia zimefunguka sana baada ya dawa, inavutia zaidi upande wa pumu. Na wapo wenye vyote viwili, ila hiyo waachie kliniki.

Mambo madogo ya kumwambia kabla hajaenda. Kama ana inhela ya bluu asipulize masaa 4 mpaka 6 kabla ya kipimo, zile za kupuliza asubuhi na jioni zinaachwa muda mrefu zaidi, apige simu aulize, LAKINI akibanwa apulize dawa yake, kipimo kitasubiri, yeye asisubiri. Siku hiyo asianzie jikoni kwenye moshi. Asishindilie chakula. Kanga asikaze kifuani, sidiria ya kubana sana bora avae nyingine. Meno ya bandia kama yamekaa vizuri abaki nayo, midomo inabana vizuri zaidi. Na aende chooni kwanza, hii manesi wanaona aibu kuisema lakini mama aliyezaa watoto kadhaa akisukuma vile mkojo unaweza kumtoka, halafu mpulizo wa pili anajizuia, na sisi tunabaki na namba ya uongo. Kama ametolewa mtoto wa jicho hivi karibuni, au moyo ulimshtuka, au anakohoa damu, aseme pale mlangoni kabla hajashika kibomba.

SWALI: Daktari hujambo? Mimi ni kijana wa miaka 29 niko Mombasa, kifua hunisumbua tangu nikiwa mdogo, nikipatwa na baridi ama vumbi napiga miluzi usiku mzima. Nimefanyiwa kipimo nikapewa karatasi na kuambiwa nirudi baada ya wiki tatu. Imeandikwa FEV1 2.10 (asilimia 61), FVC 3.50 (asilimia 86), uwiano 0.60. Baada ya dawa FEV1 2.60, FVC 3.65, uwiano 0.71. Halafu juu kabisa mashine imeandika mimi ni mtu mweusi! Hiyo inahusu nini na mapafu? – Kijana wa Likoni

JIBU: Sijambo kijana wa Likoni. Nakusomea, ila daktari wako ndo ana neno la mwisho sababu yeye amekusikiliza kifua, mi nimesoma namba tu.

Namba hizo ni lita: 2.10 ugawe kwa 3.50 unapata 0.60. Kwa miaka 29 hiyo ni njia zilizobana, hamna ubishi. Baada ya dawa umepanda toka 2.10 mpaka 2.60, hiyo ni mililita 500, karibu asilimia 24 ya pale ulipoanzia. Kipimo kilichozoeleka cha kusema dawa imefungua ni kupanda asilimia 12 na mililita 200, vyote viwili kwa pamoja. Siku hizi kuna mwongozo mpya wa mabingwa wa Ulaya na Marekani unaohesabu tofauti kidogo, wanaangalia umepanda zaidi ya asilimia 10 ya kiwango ulichotarajiwa kuwa nacho, na huko pia umepita. Ukichanganya na miluzi ya toka utotoni na vumbi na usiku, mimi ningeshangaa wasiposema pumu. Wakikuandikia inhela ya kinga ya kupuliza kila siku usiiache eti kwa sababu haikupi nafuu hapo hapo, ile inatuliza uvimbe ndani ya njia na inachukua siku. Ya bluu peke yake miaka yote ndo inayotupeleka watu emajensi.

Angalia na michoro pia. Kuna mmoja unaopanda juu ghafla halafu unashuka. Wa mtu mzima wa afya unashuka kama umenyooka, wa njia zilizobana unabonyea kwa ndani. Ukiona ule wa kushuka umekatwa bapa juu kama meza hiyo ni habari nyingine, inaweza kuwa koo lenyewe au bomba kubwa la hewa limebanwa, kwa mfano na goita, ule uvimbe wa shingoni, na huyo mtu unaweza kumpa inhela mpaka kesho asisikie kitu. Ndo maana mi huwa sipendi karatasi yenye namba tupu bila mchoro, ukipewa hiyo dai mchoro.

Sasa hilo la mtu mweusi, umeuliza swali ambalo hata mabingwa wamegombana nalo. Mashine haijui mapafu yako yanatakiwa kuwa makubwa kiasi gani, inakadiria kwa umri, urefu na jinsia, na kwa miaka mingi ikaongezewa na rangi. Ukiwekewa mweusi matarajio yanashushwa, mara nyingi kama asilimia 10 mpaka 15. Hii fikra ina mizizi mibaya, huko Marekani ya kusini karne ya 19 kulikuwa na daktari wa mashamba ya watumwa, Samuel Cartwright, aliyetumia spirometa kudai watu weusi wana mapafu dhaifu na kwamba kazi ya utumwa inawafaa. Baadaye ikaja kuvaa koti la takwimu. Hata kwenye hesabu zilizotumika dunia nzima toka 2012 kundi la weusi lilijengwa zaidi na Wamarekani weusi, sio Mdigo wa Likoni wala Mchaga wa Marangu. Mwaka 2023 chama cha madaktari wa kifua cha Marekani kikasema tuachane na rangi, tutumie hesabu moja ya watu wote.

Kwako wewe inabadilisha nini? Ule uwiano wa 0.60 haubadiliki, hewa iliyotoka ni ile ile, na mililita 500 ni zile zile. Kinachocheza ni hizo asilimia, yaani hewa yako ukilinganisha na matarajio ya mashine. 61 yako kwenye hesabu ya watu wote ingeweza kushuka mpaka hamsini na kitu, maana yake tatizo lingeonekana kubwa kidogo zaidi ya lilivyoandikwa. Kwahiyo ukipima tena mwakani hakikisha ni hesabu ile ile, la sivyo utadhani umeharibika kumbe wamebadilisha programu. Na urefu wapimwe nao bila viatu, wasikuulize wewe ni futi ngapi, wanaume mnajiongezea.

SWALI: Mi ni mwalimu Mbeya, usiku nakohoa na kifua kinabana hasa alfajiri, mchana niko fresh kabisa. Nimeenda kupuliza saa sita mchana wakasema majibu kawaida, nesi mmoja akasema ni stresi. Kwahiyo sina kitu? – Ticha

JIBU: Ticha, majibu kawaida maana yake muda ule ulipopuliza njia zilikuwa wazi. Nukta. Pumu ina tabia ya kubana na kuachia, na wewe mwenyewe umesema mchana uko fresh, sasa ukapimwa mchana ulitegemea nini. Hilo la stresi mi silipendi, likitamkwa mapema mtu anaacha kutafutiwa.

Tafuta pikifloo mita, kale kabomba kenye mshale na namba pembeni, hakali umeme na ni rahisi mara nyingi kuliko spirometa. Asubuhi ukiamka kabla ya dawa yoyote, simama, rudisha mshale chini, vuta hewa yote, pasua kwa mpulizo mmoja mfupi wa nguvu (huku hatuhitaji kusukuma mpaka mwisho). Fanya mara tatu andika iliyo kubwa, usiandike wastani. Jioni vile vile. Endelea wiki mbili. Halafu kila siku toa ndogo kwenye kubwa, gawa kwa wastani wa hizo mbili. Mfano asubuhi 320, jioni 400, tofauti 80, wastani 360, hiyo ni asilimia 22. Ukijumlisha siku zote ukapata wastani unaozidi 10 kwa mtu mzima, pumzi yako inayumba kuliko kawaida na hiyo karatasi daktari hawezi kuipuuza. Wewe ni mwalimu hesabu haikushindi. Ikikataa pia, hospitali kubwa zinaweza kukukimbiza kwenye mashine halafu upulize, au kukuvutisha dawa ya kuchokoza njia kidogo kidogo ukiwa chini ya uangalizi. Hiyo ya mwisho usikubali kufanyiwa uchochoroni.

SWALI: Nina kale kamashine ka kidoleni nilinunua kipindi cha korona, kila nikibanwa inasoma 97, 98. Si inatosha? – Mama Eli, Moro

JIBU: Haitoshi mama Eli. Hiyo inasoma oksijeni kwenye damu, na mwili unajitahidi sana kuilinda, mtu anaweza kuwa amebana vibaya anahema kama amekimbizwa na kidole kinasoma 97. Kwenye pumu oksijeni ikianza kushuka unakuwa umeshachelewa. Ukishindwa kumaliza sentensi bila kukata pumzi, achana na kidole, piga inhela na nenda hospitali.

SWALI: Nilichimba Mirerani miaka mingi, 2016 nikaugua TB nikamaliza dozi nikapona. Sasa nina miaka 47, pumzi hakuna. Hospitali moja walinipa inhela bila kupima, nimepuliza mwaka mzima hamna mabadiliko. Sasa nimepimwa: FVC 2.40 asilimia 61, FEV1 2.05, uwiano 0.85. Hii ni pumu gani?

JIBU: Kaka pole. Kwa hizi namba hii haionekani kama pumu. Uwiano wa 0.85 unasema hewa inatoka kwa spidi nzuri tu, shida ni kwamba hewa yenyewe ni kidogo, mapafu yako yanaonekana hayajazi. Njia ziko wazi kwahiyo dawa ya kufungua njia haina cha kufungua, na ndo maana mwaka mzima hujaona kitu.

Ila ningekusihi usikimbilie kusema nimejua. Kwanza FVC ndogo inaweza kuwa ulipuliza ukaacha mapema, angalia mchoro kama ule mstari ulilala kabla hujaacha. Pili spirometa inapima hewa inayotoka tu, haiwezi kupima ile inayobaki ndani, kuthibitisha kwamba mapafu yamesinyaa kunahitaji mashine nyingine ya hospitali kubwa. TB ikipona inaweza kuacha makovu, na vumbi la mwamba la machimboni nalo linatengeneza makovu yake, wewe umepitia vyote. TB ikishapona inaweza pia kuacha njia zilizobana, wapo wenye uwiano wa chini kabisa baada ya TB, kwahiyo sio kila aliyepona TB anafanana na wewe. Unachohitaji sasa ni daktari wa kifua, eksirei mpya aweke pembeni ya ya zamani, ikibidi sitiskani (picha ya kina kuliko eksirei), na makohozi yapimwe tena, sababu waliofanya kazi kwenye vumbi la mwamba TB huwarudia kirahisi. Kwenye makohozi anzia huko kabla hujapuliza tena popote, mwenye TB hai hatumpulizishi kwenye chumba kimoja na wengine. Na umwambie ulichimba! Wengi hawasemi, wanaandikiwa mfanyabiashara, daktari hapati hata pa kuanzia.

SWALI: Mwanangu ana miaka 4 anabanwa sana, naweza kumpeleka apulize?

JIBU: Wengi wanaweza kuanzia miaka 5 au 6, na hapo ni wale wanaoelekezeka. Wa miaka 4 atakutafunia kibomba. Kwa umri huo daktari anaangalia historia, kifua kinavyosikika, na anavyopokea dawa. Wewe mrekodi video kwenye simu usiku akibanwa, shati limevuliwa kifua kionekane, hiyo inasaidia kuliko maelezo. Na inhela yake apewe na spesa, kama huna ile ya dukani waulize wakuonyeshe ya chupa ya plastiki ya nusu lita, Cape Town waliifanyia utafiti kwa watoto miaka ya tisini na ikafanya kazi.

SWALI: Asalaam alaykum. Nna miadi ya kupuliza saa nane mchana na itakuwa katikati ya Ramadhani. Nikipuliza funga inaharibika? – Unguja

JIBU: Waalaykum salaam. Kupuliza kwenyewe unatoa hewa, huingizi kitu, hapo sijasikia mwenye neno. Shida ni ile nusu ya pili, mipulizo ya salbutamol, na kwenye inhela masheikh wametofautiana, wapo wanaosema haifunguzi na wapo wanaosema inafunguza, kwahiyo huyo muulize sheikh wako, mi nisije nikatoa fatwa kwa leseni ya utabibu. Ushauri wangu wa kikazi ni upige simu mapema uombe nafasi ya usiku kama wanafungua, au usogeze mpaka Shawwal kama hali yako imetulia. Usikubali wakufanyie nusu ya kwanza tu wakaandika kipimo kimekamilika, bila ile ya baada ya dawa hawatajua kama njia zako zinafunguka. Na kama una inhela ya kinga ya mara mbili kwa siku usiiache mwezi mzima, wengi wanapanga na daktari wao wanapuliza futari na daku.